Maoni ya Ijumaa Kuu

Mtaani Chibwe, nyuma ya mgodi wa shaba, hakuna aliyeipenda sinema ya Yeftha kama Sampa Nkole. Ilikuwa sinema ndefu ya Wazungu, ya saa tatu na nusu, yenye ngamia wengi na tarumbeta za kupasua masikio, na ilionyeshwa kila mwaka asubuhi ya Ijumaa Kuu katika ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Wanawake walikaa mkono wa kushoto na wanaume wa kulia. Mumba, karani mstaafu, alisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, akiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kibemba, na pale asipoelewa akitunga yake.

Kisa chenyewe walikijua wote. Yeftha anakwenda vitani na kumwapia Mungu kwamba akirudi mshindi, yeyote atakayetoka mlangoni pake kumlaki atamtoa sadaka. Anashinda. Anayetoka mlangoni ni binti yake wa pekee, akicheza na tari mkononi. Binti anaomba miezi miwili aende milimani na wenzake akaulilie ujana wake. Anakwenda, analia, anarudi, na neno la baba linatimizwa.

Mablanketi yakishateremshwa, watu hawakuondoka. Mwaka wa kwanza walitoka nje wakibishana mpaka meno ya mtu yakang'oka, kwa hiyo msimamizi wa ukumbi akaamua mabishano yafanyike mle ndani, kwa utaratibu, mpaka kengele ya ibada ya saa tisa. Alikuwa akigonga benchi kwa kiatu na kupiga kelele: "Maoni!"

Basi watu walitoa maoni. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Kwamba Yeftha ana meno meupe mno kwa mtu aliyelala porini. Kwamba yule binti ni mwembamba, sadaka gani ile, Mungu angeshiba nini? Kila mwaka mzee mmoja aliyeitwa Katongo alisimama akasema neno lile lile: "Sinema hii ina kasoro moja tu. Mjomba hayumo. Mtoto anachinjwa, mjomba wake hata kukohoa hakukohoa! Hawa watu hawakuwa na wajomba?" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, maana kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba hawezi kumtoa hata kwa jirani bila mjomba kujua.

Lakini Sampa hakuwa akicheka. Alikuwa mpiga drili, mtu wa mabega mapana na maneno machache, ila siku ile moja ya mwaka maneno yalimjaa kinywani. "Yeftha ni mwanamume," alikuwa akisema. "Alisema, akafanya. Wangapi humu ndani wamewahi kusema kitu wakakifanya? Mnaapa Jumapili msinywe, Jumatatu mko kilabuni."

"Lakini mtoto, Baba Chibesa!" wanawake walimzomea. "Mtoto!"

"Neno likishatoka halirudi tumboni."

Binti yake Chibesa, aliyekaa upande wa wanawake na mama yake, aliinamisha kichwa kwa aibu ya kuwa na baba anayepiga kelele mbele za watu, kama wasichana wote wanavyofanya. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Wawili waliomtangulia walikufa kwa surua katika wiki moja.

Mwaka wa sabini na sita, mwezi wa nane, mwamba ulianguka shimoni Sampa akiwa zamu na wenzake wawili. Mmoja alikufa hapo hapo. Wa pili, Kampamba, alikaa usiku kucha na mchana mzima akiomba maji, na Sampa, aliyekuwa amebanwa mguu hatua nne kutoka kwake, hakuweza kumfikia. Kampamba aliponyamaza, Sampa alibaki peke yake na taa iliyokuwa ikififia kofiani. Alisali sala zote alizozijua. Kisha akaapa. Baadaye, miaka mingi baadaye, alijiuliza kwa nini hakutaja kitu kingine, ng'ombe, pombe, mkono wake wa kulia. Jibu alilolipata halikumpendeza: alitaja kile alichokizoea kukisema. Kiapo kilikuwa tayari kinywani mwake, kimenolewa Ijumaa Kuu baada ya Ijumaa Kuu.

"Nitoe humu, Mungu, nami nitakupa Chibesa. Atakutumikia maisha yake yote."

Siku ya tatu walimfikia. Kizimba cha lifti ya mgodi kilipopanda naye juu, watu walikuwa wamejaa getini, wake wa wachimbaji, padri, makapteni wa zamu. Chibesa alichoropoka mikononi mwa mama yake akapita chini ya kamba ya walinzi, akawa wa kwanza kumkumbatia baba yake pale kwenye machela. Sampa alimtazama usoni akaanza kulia kwa sauti.

"Mwanangu, kwa nini umekuwa wewe? Wewe ndiwe uliyenitoa. Nimekutoa wewe ili nitoke."

Halafu akamgeukia padri na kuyasema yote, mbele ya watu wote pale getini. Mama Chibesa aliyasikia akiwa bado nyuma ya kamba, pamoja na watu wengine.

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika kila jiko la Chibwe. Waliokuja kumpa pole walikuja na kuku na karanga, wakamtazama zaidi binti kuliko mgonjwa. Wengine walimgusa bega. Mwanamke mmoja alipiga magoti mbele yake akamwomba amwombee mtoto wake mwenye kifafa. Chibesa alikuwa na miaka kumi na saba, hodari wa mpira wa pete, na barua ya chuo cha ualimu ilikuwa imekwisha fika, iko chini ya mto wake.

Kalaba, kaka yake Mama Chibesa, alikuja kwa basi kutoka Luwingu mara tu alipopata simu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na vumbi lake la safari.

"Shemeji, pole kwa mguu. Sasa niambie. Umempa Mungu mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Wako? Tangu lini mwanamume wa Kibemba akawa na mtoto? Wewe ulitusaidia kumleta, tunakushukuru. Mtoto ni wetu. Kama ulitaka kuapa, ungeapa kwa mpwa wako, mtoto wa dada yako. Huko ndiko kwenye mali yako."

"Niliapa mbele ya Mungu, Kalaba. Hukuwamo mle."

"Mungu naye angeniuliza!"

Mama Chibesa alikuwa akipepeta karanga kwenye ungo. Aliendelea kupepeta ingawa karanga zilikuwa zimeshatakata. Kalaba akamwita mpwa wake sebuleni, akamketisha kando yake na kumshika mkono.

"Mama," alimwambia, kwa kuwa Chibesa alikuwa na jina la bibi yake, aliyemzaa Kalaba, "funga nguo zako. Basi linaondoka saa nane. Baba yako atagombana na Mungu wake, na mimi nitagombana na baba yako. Wewe utakwenda chuoni."

Chibesa alitazama dirishani. Kwenye ua wa jirani wanawake watatu walikuwa wamesimama, wanajifanya wanaanika nguo.

"Mjomba, nataka kwenda kwa masista," alisema.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna. Nataka mwenyewe."

Kalaba aliuachia mkono wake. Alirudi Luwingu na basi lile lile la saa nane bila kula, na tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ya Sampa.

Mwezi wa kumi na moja Sampa, kwa mguu wake mbovu na fimbo, alimpeleka binti yake kwenye misheni ya masista ng'ambo ya mto Luapula. Walipita kwenye lori la chumvi kile kipande cha nchi ya Kongo kinachokata njia katikati, wakavuka kwa pantoni. Mkuu wa masista, mwanamke mzee mwenye miwani minene, alimwambia Sampa asubiri nje, akamwingiza Chibesa ofisini peke yake. Mlango haukufungwa vizuri.

"Binti, huku haletwi mtu. Mtu huja. Nakuuliza, nawe useme kweli, hakuna atakayekukasirikia. Umekuja kwa hiari yako?"

Pale nje Sampa alishika fimbo kwa mikono miwili. Alijua kabisa kwamba angeweza kuusukuma ule mlango kwa kidole na kusema, basi, twende nyumbani. Alilijua hilo kama anavyojua kwamba mwamba utaanguka. Hakuusukuma.

"Ndiyo, Mama," Chibesa alisema. "Kwa hiari yangu."

Miaka ilipita. Sampa hakurudi shimoni. Walimpa kazi ya kutunza kofia na taa juu ya ardhi. Chibesa akawa Sista Agata, akasomeshwa uuguzi, akapelekwa kwenye wodi ya kifua kikuu ya misheni ile ile. Aliandika barua kila Krismasi, nusu ukurasa, zenye habari za mvua na samaki. Mama yake alizisoma mara moja na kuzirudisha ndani ya bahasha.

Kanisani Sampa alipewa kiti cha mbele. Lakini kila Ijumaa Kuu sinema ilionyeshwa, na kila Ijumaa Kuu kiatu kiligongwa kwenye benchi. Tangu mwaka wa sabini na saba maoni yalibadilika. Watu hawakulitaja jina la Sampa, ila walipozungumza juu ya Yeftha walimtazama yeye. Mzee Katongo alisimama kama kawaida, akasema, "Sinema hii ina kasoro moja..." kisha akamwona Sampa, akakaa chini bila kumaliza. Hakuna aliyecheka. Mwaka uliofuata hakusimama kabisa.

Swali lililobaki likibishaniwa zaidi lilikuwa la yule binti. Kwa nini alirudi? Alikuwa na miezi miwili milimani, hakuna mlinzi, hakuna kamba. Wazee walisema ni utii. Katekista alisema ni neema. Vijana walisema mwandishi wa sinema hajui wasichana. "Mimi ningekuwa nimeshafika Ndola!" msichana mmoja alipiga kelele, na mama yake akamfinya.

Sampa aliendelea kumtetea Yeftha. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini alisimama, mwaka baada ya mwaka, akasema neno likishatoka limetoka. Mkewe alikuwa ameacha kuja ukumbini. Siku ile alibaki nyumbani akichemsha maharage.

Mwaka wa tisini na moja kulikuwa na muuguzi mpya kliniki ya mgodi, Mwewa, mama mwenye mimba kubwa, aliyehamia Chibwe mwezi uliotangulia na hakuwa anajua habari ya mtu yeyote. Sinema alikuwa akiiona kwa mara ya kwanza. Kiatu kilipogongwa, alinyoosha mkono, akasimama kwa shida akishika kiuno.

"Mimi ni mgeni, mtanisamehe," alisema. "Nimewasikia mnabishana kuhusu nadhiri. Mimi Yeftha simlaumu sana kwa nadhiri. Mtu akiwa na hofu hupayuka. Wodini nasikia nadhiri kila siku, na wakipona hakuna anayezikumbuka, wala Mungu hajaja kudai."

Watu walicheka. Alisubiri wanyamaze.

"Mimi namlaumu kwa pale mlangoni. Mtoto anatoka anacheza, amefurahi baba karudi mzima. Baba anararua nguo, anamwambia nini? Umeniangusha. Umenitesa. Jamani! Mtoto kafanya nini? Alikuja kumlaki baba yake. Mwanamume kakosa yeye, halafu analia yeye, na mtoto ndiye wa kumbembeleza. Angemwambia tu: mwanangu, nimesema upumbavu, kimbia. Yule msichana hakufa kwa ajili ya Mungu. Alikufa ili baba yake asiaibike mbele za watu."

Alikaa. Vichwa vyote viligeukia upande wa wanaume, kwa Sampa, na Mwewa akamuuliza mwanamke wa kando yake kwa sauti ya chini, "Nimekosea nini?"

Msimamizi aligonga benchi ingawa hapakuwa na kelele. "Mzee Sampa," alisema kwa upole, "unataka kumjibu dada yetu?"

Sampa alisimama kwa fimbo yake. Watu walimngojea. Alifungua kinywa, na kilichomjia ni maneno yake mwenyewe ya pale getini: kwa nini umekuwa wewe. Miaka kumi na mitano hakuwahi kuyakumbuka. Alikuwa akikumbuka kiapo tu.

Alitoka nje. Alipita kanisani bila kuingia.

Wiki iliyofuata alichukua ruhusa, akapanda gari la Luapula. Mto ulikuwa umejaa, pantoni ikachelewa, akafika misheni mchana wa jua kali. Alimkuta binti yake nyuma ya wodi, amekunja mikono ya kanzu, anachemsha sindano kwenye sufuria. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Nywele za mbele zilizotoka kwenye kitambaa zilikuwa na mvi.

"Baba! Mama anaumwa?"

"Hapana. Mama mzima."

"Basi kuna nini?"

Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, kuanzia kwenye lori mpaka kwenye pantoni. Yote yalimtoka akilini. Alisema tu, "Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Sista Agata alitoa sufuria motoni akaiweka juu ya jiwe. Hakuonekana kushangaa. Alivuta kigoda akamketisha baba yake, kisha akakaa chini, kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Nyumbani nikafanye nini, baba?"

"Chochote. Ufundishe. Uolewe. Mimi nitakwenda kwa askofu, nitamwambia kosa ni langu."

"Naona mmeonyesha tena ile sinema," alisema, na karibu atabasamu.

"Chibesa, siku ile ofisini. Nilikusikia. Ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Kila mtu Chibwe alikuwa ameshaniaga. Wengine walikuwa wameshaniomba niwaombee. Na wewe ulikuwa pale nje, nilikiona kivuli chako chini ya mlango. Nilingoja. Yule mama aliuliza, nami nikangoja kidogo. Kama ungeingia ukasema hilo ulilolisema sasa hivi, ningetoka mbio hata kiatu ningekiacha."

Sampa alijishika uso.

"Mnabishana kila mwaka kwa nini yule msichana alirudi," aliendelea, bila ukali. "Mimi nimelifikiria sana, nina muda wa kufikiri. Wenzake walichoka. Miezi miwili kumlilia mtu si mchezo. Kila mmoja alikuwa na kwao, mwingine ana mchumba, mwingine mama yake anamwita akatwange. Wakaanza kushuka mmoja mmoja. Akabaki peke yake kule juu, kuna baridi. Basi akashuka. Hakuna zaidi ya hapo."

"Nisamehe, mwanangu."

Ndani ya wodi mtu alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisichokwisha. Sista Agata aligeuza kichwa kusikiliza.

"Yule ni wa kitanda cha sita. Lazima niende." Alisimama, akachukua sufuria yake. "Usiniombe hilo leo, baba. Sijui nitasema nini, na sitaki tena kusema ndiyo isiyokuwa ndiyo. Nenda jikoni, watakupa ubwali na samaki. Gari la kwenda Chembe, kwenye pantoni, linapita saa kumi."

Sampa alikula samaki yule mezani kwa masista, peke yake. Gari lilipita saa kumi kamili. Aliangalia nyuma mpaka paa la wodi likapotea, na hakuna aliyetoka nje.

Nyumbani mkewe alimngojea kizingitini. "Amesemaje?"

Alimwambia yote, neno kwa neno, pamoja na habari ya kivuli chini ya mlango. Mama Chibesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya machela, alilizungumzia jambo lile.

"Miaka kumi na mitano nangoja uende. Ungeenda mwaka wa kwanza, angekuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kaka yangu alikuambia. Ukumbi mzima ulikuambia. Ulitaka na mimi nisimame nigongewe kiatu?"

Mwezi wa saba Mama Chibesa alifunga vitu vyake. Hakugombana naye, hata alimshonea vifungo vya mashati kabla ya kuondoka. Alikwenda kukaa karibu na misheni, kwenye kibanda cha mjane mmoja, akawa anapika uji wa wagonjwa. Alisema hawezi kumrudisha mtoto lakini anaweza kumwona akipita. Sampa alitaka kumfuata. Mkewe alimjibu kwamba bado, labda mwaka mwingine, na mwaka mwingine hakulitaja.

Sampa alistaafu. Alijifunza kujisongea ubwali, na mara nyingi uliungua. Barua za Krismasi ziliendelea kuja, nusu ukurasa, sasa zikiwa na mstari wa ziada: mama anakusalimu. Juu ya lile Sampa alilomwomba nyuma ya wodi, binti hakuandika chochote.

Ijumaa Kuu ya kwanza baada ya safari ile Sampa hakwenda ukumbini. Alikaa kwenye kizingiti chake na mguu ameunyoosha juani. Kutoka pale aliweza kusikia tarumbeta, kisha sauti ya Mumba kwenye kipaza sauti, kisha kimya kile cha mwisho, kisha kiatu. Walibishana sana mwaka ule. Saa nane na nusu watu walianza kupita mbele ya nyumba yake, bado wanabishana, wanashikana mashati. Mwewa alipita na mtoto mgongoni. Sasa alikuwa ameshaambiwa. Alipomwona Sampa alisita, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Leo hatukukuona."

"Marahaba, mama. Nimeshaiona mara nyingi."

Mtoto alilia, Mwewa akamtikisa mgongoni, akaenda zake. Kengele ya ibada ikaanza kulia. Sampa aliwaangalia majirani wakielekea kanisani mpaka barabara ikabaki tupu, kisha akaingia ndani kutafuta fimbo yake, awafuate.